Madirisha ya Kasereka

Goma, 19 Januari 2025

Émé,

Kompyuta yangu inakuja kwako mikononi mwa Mama Delphine, mdogo wake mama. Atashuka uwanja wa ndege wa Luano keshokutwa akiwa na mabegi mengi na malalamiko mengi zaidi. Yapokee yote kwa heshima. Kompyuta ameiviringisha ndani ya kitenge, katikati ya mavazi yake ya kwaya. Nilipomwambia kwamba uwanjani wanapekua mizigo, alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto: «Ule mwenye atapekua nguo za mujane wa kwaya, Mungu atamupekua yeye.»

Ninaituma kwa sababu vita inakaribia na mambo huku yanakaza. Watu wanaokuja kutoka Sake, mji jirani, wanasema simu na kompyuta hazipiti kwenye vizuizi. Basi yenyewe itangulie, mimi nitafuata. Mzee Adalbert, mwenye malori, ameahidi bila kuzunguka: siku programu yetu itakapoweza kumwambia gari lipi la samaki limekwama wapi kati ya Pweto na Lubumbashi, ataniandikia karatasi ya kazi na kunipa kiti kwenye lori lake linalopita Tanzania. Ni mtu wa Butembo kama marehemu baba. Neno likishamtoka halirudi. Sehemu iliyokuwa imebaki ni ile ya mvua, barabara inapokatika baada ya Kasomeno. Nimeiandika, na inafanya kazi.

Sasa nisikilize. Kompyuta sikuizima, nimeilaza tu. Ukiiamsha utakuta kihariri, pale ninapoandikia msimbo, kimejaa madirisha. (Nimesema madirisha, si fenêtres, uliniapisha niache Kifaransa.) Ni mengi na utakasirika. Mengine ni faili ileile mara tatu, mengine hayana hata jina. Mengi sikuyahifadhi; yanaishi kwa sababu tu hayajafungwa. Wewe ambaye ukikuta vikombe viwili mezani unaosha vyote, hata kile ambacho mtu bado anakinywea: usifunge dirisha lolote kabla sijakwambia lipi ni lipi. Nitakuelekeza kwa simu ikishafika.

Jemima mdogo wangu anakusalimu. Anauliza watu wa Lubumbashi wanaoga wapi kama hamna ziwa. Nimemwambia hamuogi.

Wako asiyepangika,
Kasereka


Lubumbashi, 14 Februari 2025
(kwa barua pepe)

Kasereka,

Hii ni barua pepe nyingine juu ya zile ambazo hukuzijibu. Simu yako haiiti tangu mji wenu ulipochukuliwa na waasi. Mama Delphine anasema nisubiri, anaimba, analia, anakula vizuri. Baba yangu amekaa na redio. Ni mtoto wa Wakasai waliofukuzwa Likasi miaka ya tisini. Alilala kituoni pale akingoja treni mpaka akazika mdogo wake kando ya reli. Jana mtangazaji alisema utulivu umerudi Goma. Baba akazima. «Hilo neno ninalijua,» akasema. «Banalisemaka kama bantu bamenyamaza.»

Kompyuta ilifika salama. Niliifungua na nikaona jinsi akili yako inavyokaa. Kusema kweli niliona aibu, kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila kubisha. Madirisha juu ya madirisha. «Jaribu», «jaribu_kweli», «usiguse», «usiguse_2», na mengi ambayo kihariri kimeyaita tu «Sans titre», bila jina. Ya mvua ni matatu. Yote ni ya faili moja, na kila moja linasema jambo lake: la kwanza linahesabu kwa siku, la pili kwa kilomita, la tatu limekatika katikati ya sentensi.

Siwezi kuendelea kufanyia kazi hapo. Betri yako imevimba, imeinua kibodi kama mkate ulioumuka. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, itazimika na vyote vilivyomo. Lazima nihamishe kila kitu kwenye mashine yangu ya Linux, na mashine hizi mbili hazisikilizani. Alama za mkwaju katika njia za faili zako zimeegemea kushoto, zangu kulia. Wewe umeandika «Samaki» hapa na «samaki» pale, na Windows yako ikakubali kwamba ni faili moja. Yangu inaapa kwamba ni mbili na moja haipo. Kila mstari wako unaisha kwa alama isiyoonekana ambayo yangu haiitaki, kwa hiyo nikihamisha, kila mstari unaonyeshwa kana kwamba umebadilishwa, hata ule ambao hakuna aliyeugusa. Na ambacho hakikuhifadhiwa hakihami. Kinabaki upande wa pili.

Kuna saa naketi mbele yake bila kufanya lolote. Alama ya kuandikia inawaka na kuzimika mahali ulipoiacha. Najua ni kijiti tu. Lakini inawaka kama mtu anayefikiri neno linalofuata, na mimi sithubutu kukisogeza.

Kesho nampa Jeannot kikaratasi. Ni dereva wa Mzee Adalbert, anapanda kupitia Zambia na Tanzania mpaka Gisenyi, mpakani kwenu. Ananiita Yaya kama dada yake mkubwa, na ananiogopa mimi kuliko vizuizi: «Yaya, wewe unaandikaka sana. Mambo ya mashine, ondoa. Bakiona neno ordinateur, bataniuliza iko wapi, na mimi niko na watoto.» Kwa hiyo nitauliza bila kuitaja kompyuta. Wewe utaelewa. Ukiipata barua hii kwanza, itakuwa bora zaidi.

Émé


Lubumbashi, 15 Februari 2025
(kwa mkono wa Jeannot)

Kasereka,

Sisi ni wazima. Nina swali moja tu, nijibu hata kwa mstari mmoja: madirisha yapi nifunge, na lipi niache wazi? Hasa ya mvua. Siwezi kungoja zaidi, ukuta unakaribia kuanguka.

Kiti chako bado kipo.

Émé


Goma, 9 Machi 2025

Mpenzi wangu Émerance,

Barua yako imefika, Jeannot ni mtu mwema. Niko mzima. Naandika kwa mkono wa Jemima kwa sababu mkono wangu ulikatwa na bati. Ni kidonda tu, kitapona. Mama naye ni mzima, anakusalimu.

Umeniuliza madirisha. Funga yote. Usichague, usione huruma, funga yote mapema kabla mambo hayajaanza. Lile dogo la nyuma tu ndilo uliache wazi, maana bila hilo mtu anakosa pumzi. La mvua, lile kubwa la mbele, usilihangaikie tena. Mvua imeshaharibu yenye ilipaswa kuharibu. Lifunge kabisa na usikae karibu nalo. Ukisha kufunga usirudi kuchungulia. Wengi wameumia kwa sababu ya kuchungulia.

Kuhusu kiti, sema kwa Mzee Adalbert asimpe mtu mwingine. Nitakuja njia ikifunguka.

Mungu akulinde,
Kasereka


Lubumbashi, 28 Machi 2025

Jemima,

Nakuandikia wewe. Jeannot amekubali kubeba barua hii ndefu kwa sababu nimemwambia hakuna tena mashine ya kutafutwa.

Nilipoipata barua ile nilifurahi mno. Niliisoma kama mtu anayefumbua fumbo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeuliza kwa mafumbo. Sikuwa nauliza madirisha ya nyumba. Katika kompyuta ya kaka yako kuna programu ya kuandikia, na kila kazi iliyo wazi ndani yake sisi tunaiita dirisha. Ndani ya hayo madirisha ndimo ilimokuwa kazi ambayo ingemleta huku. «Ukuta» ilikuwa kompyuta yenyewe, iliyokuwa inakufa.

Basi nikakaa mbele ya kompyuta, barua mkononi. Lile kubwa la mbele, nikasema, ni hili lililofunika mengine. Ameona kosa ndani yake, anataka lifutwe. Lile dogo la nyuma, nikalitafuta chini ya yote nikalikuta. Nikaona ni kweli, lipo, ni dogo, liko nyuma. Ungeniona ungenihurumia. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Nikafunga moja moja. Kila mara programu iliuliza kama nahifadhi. Nikajibu hapana, kwa sababu barua ilisema nisirudi kuchungulia. Ningeweza kuyanakili kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenakili. Sikunakili. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuhakikisha kila kitu mara mbili, na kwa mtu huyu mmoja, kwa jambo hili moja, nilitaka kutii bila kuhakikisha. Niliona ndiyo maana ya kupenda.

Likabaki lile dogo. Nikalisoma. Limeandikwa: «jaribu jaribu umeme umerudi jaribu». Basi.

Hapo nikajua kwamba aliyeandika barua ile si yeye. Si kwa sababu ya kazi iliyopotea. Kasereka asingeweza kuniambia niliache hilo. Na kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kujua, nikakataa kujua: hajawahi kuniita Émerance. Hajawahi kumtaja Mungu kwenye barua bila kumtania kidogo.

Sikukasirikii. Kazi ile siwezi kuiandika upya. Nimejaribu, naandika mvua yangu, si yake, na magari ya Mzee Adalbert yanakwama mahali ambapo programu inasema barabara ni kavu. Amenipigia simu akisema taratibu: «Mwanangu, acha. Kiti kitabaki, hata bila programu.» Ndiyo maana nauliza, Jemima. Kiti kipo. Wa kukikalia yuko wapi?

Niandikie kwa jina lako.

Émerance


Goma, 17 Aprili 2025

Yaya Émerance,

Nisamehe. Sikujua kuna madirisha mengine. Nilisoma kikaratasi chako nikafikiri vita imefika na kwenu. Hapa zile siku kila mtu alikuwa anauliza madirisha: tufunge yapi, tulale upande gani. Jirani yetu alikufa kwa kuchungulia. Kwa hiyo nilikuandikia yale yenye nilijua yanasaidia. Nilitaka ubaki mzima. Lile dogo la nyuma ni la kwetu, la jikoni. Sisi wenyewe tulipona kwa kuliacha hilo wazi tu.

Kaka hayuko. Mwanzoni mwa Februari alitoka na bidoni, lile dumu letu la plastiki, kwenda kuchota maji ziwani, kwa sababu maji ya bomba yalikatika. Saa nne asubuhi, jua linawaka. Wenye bunduki walikuwa wanakusanya vijana barabarani na kuwapandisha kwenye lori. Mwanamke anayeuza makala, mkaa wa kupikia, alimwona. Anasema Kaka alikuwa anaongea nao, anaeleza kitu, kama vile anavyoelezaka, kwa mikono. Halafu akapanda. Bidoni aliiacha imesimama vizuri kando ya barabara, imejaa. Yule mama aliniletea.

Nimeenda kila mahali wanaporuhusu mtu kuuliza. Wengine wanasema walipelekwa mafunzoni. Wengine wananiambia, «Dada, rudi nyumbani,» na hawaongezi. Mimi sijui. Nikisema amekufa ninasema uongo, na nikisema yuko hai pia.

Sasa nikwambie lingine, ndilo baya. Mama siku hizo alikuwa amekimbilia kanisani pamoja na wagonjwa, maana tansiyo yake, shinikizo la damu, ilipanda. Aliporudi akauliza, «Kasereka iko wapi?» Mdomo wangu ukajibu wenyewe: «Ameenda Lubumbashi, kwa Yaya Émerance. Alipata lori.» Mama akakaa chini, akasema asante Yesu. Akala. Alikuwa hajala. Kisha kikaratasi chako kikaja, kinamwita Kaka kana kwamba yuko hapa, na mimi nikaona nikikwambia ukweli utamwambia Mama Delphine, na Mama Delphine hajawahi kufunga mdomo, na habari itafika kwa Mama na lori la kwanza. Ndiyo nikaandika kama Kaka. Kwako yuko kwetu, kwetu yuko kwako.

Mama anangoja barua. Macho yake yamefifia, anayemsomea ni Mama Pasta, si mimi, kwa hiyo siwezi kusoma kitu kisichoandikwa. Na siwezi kuandika mwenyewe, kwa sababu Mama alikaa Lubumbashi akiwa msichana, marehemu baba alipokuwa anapeleka maharage huko, na anauliza mambo yenye mimi sijui. Je, ule mlima mweusi wa taka za shaba bado uko? Nani anamfulia Kaka nguo? Anasali wapi? Na kila siku: kwa nini aliondoka bila kuniaga, mimi nilimkosea nini?

Yaya, wewe unajua namna anavyoongea. Mwandikie. Andika kwa mashine, yeye aliandikaka kwa mashine. Mimi sina haki ya kukuomba, lakini sina mwingine wa kumwomba.

Jemima


Lubumbashi, 10 Mei 2025

Mama yangu Clotilde,

Unisamehe kwa kukawia. Huku umeme ni kama mkwe mwenye kiburi: unakuja ukitaka, na ukija unataka kupokewa vizuri. Mama Pasta anayekusomea, namshukuru na namwomba asiruke mahali ninapojisifu.

Mlima mweusi bado uko, na bomba lake refu bado limesimama pembeni kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Niliuona nikakukumbuka wewe, msichana, unautazama ukiwa na baba na magunia yake. Bugali huku wanaita bukari. Niliposema bugali kwa mwenye mgahawa aliniuliza, «Weye ni wa wapi?» Nikasema Goma. Akaniongezea kipande cha samaki.

Mzee Adalbert amenipokea. Anasema mimi nina uvivu wa baba na maneno yako. Ameniwekea kiti, na kiti hicho hakuna mwingine anayekikalia. Nguo zangu hakuna anayenifulia. Émé anasema mwanaume mwenye mikono afue. Unajua nilivyo, nguo zimerundikana. Ninasali. Si kila Jumapili, usimwambie Mama Pasta, samahani Mama Pasta.

Unauliza kwa nini niliondoka bila kukuaga. Hukunikosea kitu, Mama. Sikiliza vizuri, hili nataka usomewe mara mbili. Sikujua asubuhi ile kwamba naondoka. Nilitoka nikijua narudi. Lori lilikuwa barabarani, tukapandishwa vijana wengi kwa pamoja, na halikungoja mtu akimbie nyumbani kuaga. Nilijaribu kuwaeleza. Ningepewa hata muda wa kuvuka barabara, ningekuja mpaka kanisani, ningepiga magoti pale ulipokuwa umelala. Yule ambaye hakuagwa asifikiri hakupendwa. Yuko mwingine ambaye naye sikumwaga, na ninamwambia hivyohivyo.

Dawa zako za tansiyo unywe hata siku unayojisikia vizuri. Jemima asikupikie chumvi. Usimgombeze sana Jemima. Amebeba mizigo mikubwa kuliko unavyoona.

Jambo la mwisho. Kazi yangu sasa ni ya barabara za mbali, huko Kasomeno na kupita, ambako simu haishiki na karatasi zinalowa. Utafika wakati nitanyamaza, pengine muda mrefu. Watu watakuja kukuambia hili na lile. Wewe useme: Kasereka iko kazini. Sema hivyo hata kama mwaka umepita. Mimi pia nitasema hivyo.

Mwanao,
Kasereka